Waliokwama Kwenye Lifti

Dada yangu aliolewa kwa sababu umeme ulikatika.

Nimeandika hivyo makusudi, kwa sentensi moja, maana kila nikilieleza jambo hili kwa urefu watu huanza kunitafutia sababu nyingine. Labda walikuwa wanapendana kichinichini. Labda wazazi waliona kitu. Hakuna labda. Umeme ulikatika saa tisa na robo alasiri, ukarudi karibu saa kumi na mbili, na hapo katikati watu wawili wakapoteza maisha yao. Hawakufa. Wangekufa tungewalilia.

Wakati huo Dada alikuwa na miaka ishirini na mitatu, opereta wa simu kwenye ghorofa ya nne ya jengo la simu. Siku hizo ukitaka kumpigia mtu, uliongea kwanza na opereta, naye akachomeka waya kwenye tundu lako na ncha ya pili kwenye tundu la unayemtaka. Dada alikaa mbele ya ubao wa matundu mia nne, na yote mia nne aliyajua kwa majina ya wenyewe. Na alikuwa na mdomo, si mchezo. Siku moja mzee mmoja mwenye cheo chake alimfokea kwamba amemkatia simu. Dada akamjibu, "Sijakukatia, mzee wangu. Umeibamiza mwenyewe kwa hasira. Nikuunganishe tena, au upumue kwanza?" Mzee alicheka mpaka akasahau alichotaka kusema.

Kwenye mkoba wake alikuwa na barua. Alikuwa amefaulu mtihani wa kwenda kusomea ufundi wa mitambo ya simu, miezi tisa, mji mwingine. Hakuna mwanamke wa ofisi ile aliyewahi kufaulu mtihani huo. Barua aliikunja na kuikunjua hadi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Siku ile alikuwa anamaliza zamu. Ndani ya lifti alimkuta fundi mmoja wa simu, kijana mrefu, mkimya, shingo ndefu, ambaye wenzake walimwita Twiga. Walikuwa wakisalimiana tu kazini, basi. Walipofika kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, taa ikazima, lifti ikatikisika, ikasimama.

Lifti yenyewe ilikuwa kisanduku cha bati. Watu wanne wakiingia, wa tano anasubiri. Haikuwa na tundu la hewa la maana. Twiga alitoa bisibisi akahangaika na kile kibao cha vitufe, akapiga mlango kwa ngumi, akaita. Waliomsikia wakamjibu kwamba fundi wa lifti yuko safarini kikazi, ametafutwa mwingine, wasubiri. Joto likapanda. Dada akaanza kuona kizunguzungu. Akavua viatu, akafungua kitambaa cha kichwani, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akakaa chini. Twiga akavua shati lake jeupe akabaki na fulana, akawa anampepea kwa lile shati. Mkono wa kulia ukichoka, anahamia wa kushoto.

Ili asizimie, Twiga alimwambia aongee. Akaongea. Akamweleza habari za barua, akaitoa na kumpapasisha gizani, maana kusoma haikuwezekana. Naye Twiga akamweleza kwamba ana mchumba, mwanafunzi wa uuguzi, na kwamba wanangoja amalize mwaka wake wa mwisho wafunge ndoa. Akamweleza hata jinsi binti huyo anavyopiga chafya tatu tatu. Dada aliniambia kwamba hajawahi kumfahamu mtu kwa haraka vile. Wakati mlango unafunguliwa, kila mmoja alikuwa anajua barabara kitu ambacho mwenzake anakipenda kuliko vyote.

Nataka hilo likumbukwe. Walikuja kunyang'anyana vitu hivyo, na kila mmoja alijua anachomnyang'anya mwenzake.

Mlango ulifunguliwa kwa mtaimbo. Nje palikuwa na umati: wafanyakazi waliotoka zamu, wateja wa dirishani, wapita njia walioambiwa kuna watu wamenasa. Dunia yenye akili timamu ingesema, jamani, maji! Na kweli mmoja alileta maji, mama mfagizi wa jengo, na ndoo yake bado mkononi. Wengine wote walisimama wakaangalia. Wakaona miguu isiyo na viatu. Wakaona kifungo. Wakaona fulana. Kisha mmoja wao, na mpaka leo hatujui ni nani, akasema, "Mmh."

Ile "mmh" ndiyo iliyomwoza dada yangu.

Kufika Jumatatu habari ilikuwa imeshatiwa chumvi hadi ikawa kachumbari. Kumbe umeme haukukatika, walizima wenyewe. Kumbe ni mchezo wao wa kila siku. Wateja walipiga simu, Dada akisema "Namba tafadhali," wanauliza, "Hapo ni kwenye lifti?" kisha kicheko. Wakampa jina, Bi Lifti. Msimamizi wake, mama aliyemfundisha kazi kwa mikono yake, akamwita pembeni: "Mimi nakuamini, mwanangu. Lakini hiyo barua ya masomo tuiweke kwanza, jambo litulie."

Mimi nakuamini, lakini. Nimekuja kuichukia sentensi hiyo kuliko tusi lolote. Mwenye kutukana anajulikana alipo.

Alhamisi ya wiki ileile wakubwa walikaa sebuleni kwetu. Baba yetu, mwalimu mkuu. Baba Mkubwa, kaka yake, ambaye hakuna kikao cha ukoo kilichofanyika bila yeye kukaa kwenye kiti chenye mikono. Shangazi, dada yao. Mama, aliyekaa karibu na mlango kama mgeni nyumbani kwake. Upande wa pili Twiga, mama yake mjane aliyekuwa mshonaji, na mjomba wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na kazi yangu ilikuwa kupitisha chai.

Baba Mkubwa akafungua: "Lisemwalo lipo. Na kama halipo, laja."

Dada akasema, "Baba Mkubwa, hakuna kilichotokea. Muulize yeye. Tuulize mmoja mmoja, vyumba mbalimbali. Nipelekeni hata hospitali nikapimwe."

"Hatukuulizi kilichotokea," Shangazi akamkata. "Tunakuuliza watu wanasema nini."

"Watu wanasema uongo."

"Basi uongo huo una miguu, unatembea. Wewe una miguu ya kuukimbiza?"

Dada akamgeukia Baba. Kati yetu sote yeye ndiye alikuwa kipenzi cha Baba. Ndiye aliyefundishwa hesabu kwa vifuniko vya chupa kabla hajaanza shule. Baba alikuwa anatazama kikombe chake. Akasema, "Nakuamini, mwanangu. Ila mimi peke yangu kukuamini hakusaidii kitu."

Twiga akasimama. Kwa urefu wake alionekana kama anakaribia kugonga dari. "Wazee wangu, shikamooni tena. Mimi nina mtu. Nimemwahidi. Na huyu dada ana masomo yake. Sisi tulikwama, basi. Mtu akikwama, anakwamuliwa, anakwenda nyumbani kwao."

Mama yake akaanza kulia. Si kwa sauti, mabega tu. Mjomba wake akamwambia akae chini, kisha akasema polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa zake: "Huyo mtu wako ameshasikia. Wazazi wake nao wameshasikia. Unadhani watakupa? Usipomwoa huyu binti utakuwa yule aliyemharibu mtoto wa mwalimu akamwacha. Mama yako atamshonea nani nguo katika mji huu?"

Kikao kikaendelea hivyo saa mbili nzima. Hakuna aliyepaza sauti. Ningependa mtu angepiga meza, ili leo niseme walikuwa wakatili. Walikuwa wapole. Waliita "mwanangu" kila sentensi.

Dada hakukubali. Alisema hapana kwa namna zote anazozijua, na alizijua nyingi. Mwishowe Shangazi akaninyooshea kidole mimi, nimesimama na sinia.

"Na huyu? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huyu nani atamwoa?"

Dada akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, halafu akasema, "Haya."

Neno moja. Nilitakiwa niseme kitu. Nilitakiwa niseme, mimi sitaki kuolewa, mimi nina miaka kumi na minne, niacheni. Nikapeleka sinia jikoni. Watu huniambia nilikuwa mtoto, nisijilaumu, na najua wana haki. Ila hasira nimebaki nayo hadi leo. Walinitumia kama jiwe la kumfunga dada yangu shingoni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kuwa jiwe.

Waliwafungisha ndoa siku kumi na tisa baadaye. Watu walijaa. Wale wale wa "Hapo ni kwenye lifti?" walikuja wamenyoosha nguo zao, wakala, wakacheza, wakapiga vigelegele. Mwanamke wa dirisha la vifurushi, ambaye ndiye hasa aliyeeneza kwamba walizima umeme wenyewe, alileta birika la zawadi na akamkumbatia Dada akilia machozi ya kweli. Ubaya wote ukafutika alasiri moja. Kumbe watu hawakuwa wamechukizwa na dhambi yoyote. Walitaka tu kuona wametiiwa.

Na mji huo huo uliomwoza kwa ajili ya heshima yake ukamnyima kazi iliyomheshimisha. Ofisi ilikuwa na kanuni: opereta akiolewa, anaacha kazi. Barua ya kumwachisha ilifika wiki ya harusi, ina mhuri na pongezi.

Wakahamia vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na saruji. Nilikuwa nikienda huko likizo, na niliyoyaona sijayasahau. Hawakugombana hata siku moja. Walikuwa na adabu ya kutisha, kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja gesti kwa makosa na hakuna anayetaka kumwudhi mwenzake. "Samahani, nipite." "Hapana, pita wewe." Twiga alikuwa akirudi na mkate bila kuagizwa. Dada alimfulia, akampigia pasi mashati, na kila akipiga pasi shati jeupe mkono wake ulisimama kidogo.

Watoto hawakupata. Shangazi akaanza kunong'ona kwamba lazima kuna kitu binti alikifanya zamani. Midomo ile ile! Jana ilimshitaki kwa kulala na mwanamume huyu kabla ya ndoa, leo inamshitaki kwa kutozaa naye ndani ya ndoa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kizuri katika nyumba ile. Twiga alikuwa akileta nyumbani simu mbovu na redio zilizokufa, na jioni waliweka gazeti juu ya meza, akamfundisha Dada yale aliyokuwa aende kusomea. Kupima waya. Kulehemu. Kusoma michoro. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi, alifanya, akafumua, akasema, "Sasa wewe." Ndani ya miaka mitatu Dada alikuwa anamkosoa. Siku moja aliniambia, na alikuwa anacheka lakini si cheko la furaha: "Mji mzima ulidhani tulikuwa tunalala pamoja ndani ya lifti. Mdogo wangu, hata hapa ndani ya ndoa, tulichokifanya sana ni redio."

Mwaka wa kumi na moja Baba aliugua. Akiwa kitandani hospitali alimwita Dada peke yake, nami nilikuwa nyuma ya pazia nakunja mashuka. Akasema, "Nilijua hamkufanya kitu. Nilijua tangu siku ile mlango ulipofunguliwa."

Dada akamrekebishia mto. "Najua, Baba. Ila kujua kwako kungenifaa Alhamisi ile."

Baba akafunga macho. Hakuomba msamaha, na Dada hakumpa. Alimuuguza vizuri mpaka mwisho, akamzika, akamlilia. Mtu anaweza kufanya yote hayo na bado asisamehe, na asionekane mbaya kwa hilo.

Baada ya arobaini mama yake Twiga akafariki pia. Wakabaki wawili, na jioni moja Twiga akasema juu ya ile meza ya redio, "Sasa tunamkalia nani?" Hawakuhitaji kueleza zaidi. Asubuhi wakavaa vizuri wakaenda mahakamani pamoja, kwa miguu, wakizungumza njiani.

Hakimu akasoma karatasi, akamwuliza Dada, "Anakupiga?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Anakunyima matumizi?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Hapana. Ni mtu mwema."

"Basi kosa ni la kwako."

Twiga akadakia, "Hapana, mheshimiwa, hana kosa."

Hakimu akavua miwani. "Ninyi mmekuja kunichezea? Ndoa isiyo na kosa naivunja kwa lipi? Rudini nyumbani mkaishi."

Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi la ukumbini, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka askari akaja kuwanyamazisha. Dada anasema ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu mle ndani ya lifti. Kuwafunga hakukuhitaji ushahidi wowote, ila "mmh" moja. Kuwafungua kukahitaji kidonda, au jicho lililovimba.

Ikabidi watengeneze kosa. Twiga akapanga chumba mji mwingine, akakaa huko miaka miwili, ili iandikwe kwamba amemtelekeza mke. Yule mtu mstaarabu kuliko wote niliowahi kuwajua, kwenye faili la mahakama ameandikwa mtelekezaji, na faili hilo lipo hadi kesho. Na kila mwezi katika miaka hiyo miwili alikuwa akimtumia "mke aliyemtelekeza" vipuri vya redio kwa posta.

Huko aliko alimtafuta yule muuguzi. Alimpata. Ana mume, ana watoto watatu, ni mkuu wa wodi. Walisimama kwenye kibaraza cha hospitali, dakika chache. Yule mama akamwambia, "Nilikusubiri miezi minne baada ya harusi yako, nikidhani utarudi kunieleza. Habari za lifti sikuziamini hata siku moja. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini wewe ulifanya kama unaziamini." Kisha akarudi wodini. Twiga hakuoa tena. Amestaafu, anaishi peke yake, na magoti yanamsumbua.

Dada, alipopata karatasi yake ya talaka, aliandika barua kuomba yale masomo. Wakamjibu umri umepita, na kwamba mbao za simu zenyewe zinaondolewa, zinakuja mashine. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu mkabala na jengo lile lile. Wengi walimshauri atafute mtaa mwingine asionekane. Akasema, "Wao ndio wahame."

Mimi niliolewa nina miaka thelathini na mmoja, na mtu niliyemtaka. Siku nilipomsimulia habari za lifti, mume wangu alisubiri nimalize, akauliza, "Ehe? Kisha ikawaje?" Alidhani kuna kisa bado hakijafika. Nikamwambia ndio hicho, kimeisha. Akasema, "Sasa walitaka wafanye nini mle ndani, waruke?" Nilitoka nje nikalia. Huyu ndiye mume ambaye dada yangu alitolewa kafara ili mimi nimpate, na yeye lifti ilikuwa haimhusu hata chembe.

Mwaka jana Shangazi alikuja kibandani, mkongojo mkono mmoja, redio mkono mwingine. Nilikuwepo. Amezeeka, sauti imebaki ile ile. Dada akamwamkia, akamwekea kiti, akaifungua redio. Shangazi akakaa akitazama vile vidole vinavyofanya kazi, akaridhika, akasema:

"Unaona? Leo una kazi yako, una jina lako. Ile siku tulikulinda. Ungekuwa wapi wewe?"

Nikafungua mdomo, Dada akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ningekuwa fundi mitambo, Shangazi," akasema. "Na Twiga angekuwa babu wa watu."

"Tulifanya kwa mapenzi."

"Mlikuwa watu wazima wanne mnaosema mle sebuleni. Mlikaa saa mbili. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza yule mama mfagizi aliyeleta maji, aliyekuwa mbele kabisa mlango ulipofunguliwa. Ningependa kusema nimesamehe, maana umri wako unanitia huruma. Lakini sijasamehe. Redio yako imekatika waya wa spika tu. Njoo kesho asubuhi."

Shangazi akaondoka bila kuaga. Tangu hapo anawaambia watu kwamba yule mtoto ana kiburi, ndiyo maana ndoa ilimshinda. Redio alimtuma mjukuu wake aichukue.

Nikamwuliza Dada, kama angerudishwa pale sebuleni na akili alizonazo leo, angewaambia nini. Nilitegemea aseme angekimbia, au angesimama imara zaidi kwamba hakuna kilichotokea.

"Hapo ndipo nilipokosea," akasema. "Nilihangaika kuwathibitishia. Leo ningewaambia: ndiyo, limetokea, yote mnayoyasema na mengine ambayo hamjayafikiria. Na bado siolewi."